Harufu ya Kibo

Anayeupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame anaweza kupitia mwamba wa Lava Tower na kuingia kasoko ya Kibo, kilele kirefu zaidi cha mlima huo. Humo, ndani ya shimo lenye jina la mmisionari Richard Reusch, mlima bado unatoa gesi inayonuka salfa. Wapandaji wa mwanzo walikuwa na pua tu ya kuitambua.

Baadaye wakaja wanasayansi: mwaka 1953, na tena 1957, wanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Sheffield walipanda kuichunguza miamba ya mlima huo.

Pua ya aina nyingine ilitoka maabara. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha jambo la ajabu: mirija ya kaboni, myembamba kuliko unywele, hubadili ukinzani wake wa umeme inapoguswa na gesi ya amonia. Baadaye kaboni hiyo ikawa wino, na printa ikaudondosha tone kwa tone juu ya plastiki inayokunjika. Kibo inastahili vipimo vya gesi vyepesi hivyo, maana kila gramu hupandishwa na mpagazi.