Kinande na Ndugu Zake

Hapa Bulengera tunasikia vijana wakisema: « Kifaransa ni lugha, Kinande ni kilugha tu. » Na tena kuko wakubwa wanaopima kwa lugha nani ni mwenyeji na nani ni mugeni. Wote wanakosea, juu hawajui ukoo wa lugha ni kitu gani.

Wataalamu wanatambua undugu wa lugha kwa maneno ya tangu zamani na kwa sarufi, si kwa maneno ya kuazima. Mufano: Kinande (wengine wanasema Kiyira) kinasema omundu, wakiwa wengi abandu. Kiswahili ni mtu, watu. Lakini sokoni Butembo tunasema mutu, batu. Lingala ni moto, bato. Ndiyo maana katika kitabu chake cha mwaka 1862 Wilhelm Bleek, Mujeremani, aliita lugha hizo Bantu. Kiswahili kiliazima kitabu kwa Waarabu, lakini wingi wake ni vitabu, sawa kiti na viti. Nguo ya kuazima haigeuzi mwenye kuivaa.

Baadaye Malcolm Guthrie, Mwingereza, alipanga lugha za Bantu kwa herufi na namba. Kikonzo cha Uganda ni D41, Kinande ni D42. Hata kama mapatano ya mwaka 1910 yalipitisha mupaka kwenye Ruwenzori, Mukonzo na Munande wakikutana Kasindi wanasikilizana bila mukalimani.

Lakini si kila jirani ni wa ukoo huo. Katika teritware ya Beni, Bambuba na Balese wanasema lugha za Kisudani ya Kati, ndugu za Kilendu na Kilugbara. Na Waefe wa pori wanasema lugha ya Balese, hata kama asili yao ni ingine. Basi lugha inaweza kupita kutoka watu hawa kwenda kwa wale. Haionyeshe damu ya mutu.

Jambo hili si la darasani tu. Tangu mauaji yalipoanza Beni mwaka 2014, mutu anaweza kushukiwa kwa namna anavyosema. Wazazi, tufundishe watoto Kinande nyumbani bila haya, kwani ni lugha kamili yenye ndugu wengi. Lakini tuwaambie pia: ukoo wa lugha unatueleza historia, hautupe ruhusa ya kuhukumu jirani.