Lubumbashi: Kumtafuta nkambo katika makaratasi ya zamani

Jamaa nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi zinajua jambo moja: nkambo alikuja kufanya kazi ya shaba. Lakini ukiuliza alitoka kijiji gani, alikuja mwaka gani, na aliacha nani nyumbani, majibu yanakatika. Wazee waliojua wanaendelea kufariki. Kinachobaki ni makaratasi, nayo yametawanyika.

Sababu iko katika historia ya mji wenyewe. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na mwaka uliofuata shaba ya kwanza ikayeyushwa. Wenyeji wa karibu hawakutosha kwa kazi hiyo, na wengi hawakuitaka. Ndiyo maana mwaka 1910 ilianzishwa pia Bourse du Travail du Katanga, ofisi ya kuandikisha wafanyakazi. Watu wakatafutwa mbali: Lomami, Kasai, Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, na katika miaka ya 1920 hata Ruanda-Urundi. Mwishoni mwa miaka hiyo kampuni ikaanza kutoa mikataba ya miaka mitatu na kuhimiza wanaume waje na wake zao. Hapo watoto wengi wakazaliwa kambini, wakakua na Kiswahili, na kijiji cha baba kikabaki jina tu.

Mahali pa kwanza pa kutafuta ni parokia. Kitabu cha ubatizo kinaonyesha jina, tarehe, wazazi na msimamizi wa mtoto. Pembeni padri alitakiwa kuongeza habari za ndoa, hata kama ilifungwa parokia nyingine. Mstari mmoja unaweza kumpeleka mtafutaji toka Lubumbashi mpaka Kasai. Upande wa ziwa Tanganyika mission ni za zamani zaidi: Mapadri Weupe walipokea Mpala mwaka 1885.

Mahali pa pili ni kampuni. Union Minière ilimfungulia mfanyakazi faili, na mali yake ilipochukuliwa na serikali mwaka 1967 ndipo ilizaliwa kampuni ambayo baadaye iliitwa Gécamines. Wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kama profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, wameandika maisha ya wafanyakazi hao kwa kuunganisha makaratasi na maneno ya wazee.

Mahali pa tatu ni mbali. Wabelgiji walipoondoka mwaka 1960 walibeba sehemu kubwa ya makaratasi ya utawala, nayo yako Bruxelles.

Kazi ngumu kabisa ni majina. Karani aliandika alivyosikia, na mtu mmoja anaweza kuonekana kwa tahajia tatu. Baba na mtoto mara nyingi hawakushiriki jina. Mwaka 1972, wakati wa siasa ya Authenticité, Mobutu aliamuru raia waache majina ya Kikristo; aliyeandikwa Joseph parokiani akawa na jina lingine kwenye kitambulisho. Miji pia ilibadilika: Jadotville ikawa Likasi, Albertville ikawa Kalemie. Mwaka 2015 Katanga yenyewe ikagawanywa kuwa majimbo manne. Anayetafuta kwa jina moja tu atarudi mikono mitupu.

Je, faida ni nini? Wanawake watano machotara, waliozaliwa Congo wakati wa ukoloni, wanaweza kujibu. Walichukuliwa kwa mama zao wakiwa bado wadogo, wakapelekwa mission ya Katende huko Kasai. Mwaka 2019 waziri mkuu wa Ubelgiji aliomba msamaha kwa yale waliyotendewa watoto machotara. Lakini mwaka 2021 mahakama ya kwanza iliwakatalia wanawake hao. Tarehe 2 Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya Bruxelles ikaamua kwamba utekaji huo ulikuwa uhalifu dhidi ya binadamu, na Ubelgiji ikatakiwa kulipa kila mmoja euro 50.000. Waliowachukua walikuwa wafanyakazi wa serikali, na serikali ile iliandika karibu kila kitu. Karatasi iliyotumika kumtenga mtoto na mama yake inaweza pia kusema kweli miaka mingi baadaye.

Kwa jamaa ya kawaida, kazi inaanza nyumbani. Mzee aulizwe sasa: majina yote ya nkambo, ukoo, mto au chifu wa karibu na kijiji, kambi aliyokaa, parokia alikobatizwa. Yaandikwe. Na kile kitabu cha kazi kilichochakaa ndani ya sanduku kisitupwe wala kuwashia moto. Namba iliyo juu yake inaweza kuwa ndiyo njia pekee ya kulipata faili lake.