Upele wa kuvu usiopona kwa mtoto huenda ukaashiria maradhi ya kurithi

UPELE wa kuvu ni jambo la kawaida kwa watoto wachanga. Katika maeneo yenye baridi kama Kaaga, viungani mwa mji wa Meru, nepi huchelewa kukauka na mtoto huvishwa nguo nyingi. Unyevu huo huipa kuvu aina ya kandida nafasi ya kumea kwenye mikunjo ya ngozi.

Aghalabu dawa ya kupaka ya nistatini au klotrimazoli, pamoja na kumbadilisha mtoto nepi mara kwa mara, huuponya upele huo.

Hata hivyo, upele unaorudi kila mara, au unaoenea hadi machoni na mdomoni, wapaswa kuchunguzwa. Daktari huanza na sababu zinazojulikana zaidi, zikiwemo virusi vya Ukimwi na utapiamlo. Zikikosekana, huenda mtoto alizaliwa na kasoro katika jinsi mwili wake unavyotumia chakula.

Mojawapo ni upungufu wa kimeng'enya cha biotinidesi, ambacho huuwezesha mwili kutumia tena vitamini iitwayo biotini. Humpata takriban mtoto 1 kati ya 60,000. Wazazi wote wawili huwa wamebeba kasoro hiyo bila wao kuugua. Mtoto hunyonyoka nywele, hulegea misuli na hupatwa na degedege.

Kasoro nyingine huuzuia mwili kufyonza madini ya zinki. Upele huzunguka mdomo na njia ya haja kubwa, mtoto huhara, na mara nyingi dalili huanza anapoachishwa kunyonya.

Katika hali hizi, kuua kuvu pekee hakutoshi. Wa kwanza hupewa biotini, kwa kawaida miligramu 5 hadi 10 kila siku, na wa pili zinki. Wote kwa maisha yao yote. Kuvu ikiingia damuni, mtoto hulazwa na kutiwa dawa kupitia mshipa.

Kuchelewa kuna gharama. Ngozi na nywele hurejea, lakini uziwi unaoletwa na ukosefu wa biotini kwa kawaida hauondoki.

Mzazi wa Kaaga anaweza kumpeleka mtoto katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Meru. Amweleze daktari iwapo kuna ndugu ya mtoto aliyefariki akiwa mchanga, na asipake dawa zenye steroidi bila kuagizwa, kwani huweza kuizidisha kuvu.