Magari mawili, nyumba moja

Ndugu wasikilizaji, wiki mbili zilizopita nilipigiwa simu na mpwa wangu anayeishi Leicester, Uingereza. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kuniuliza habari za mvua na za mama yake, akaja kwenye hoja yake. Anataka kununua gari la umeme la familia, lile lililoinuka kidogo, lenye mlango mkubwa wa nyuma na nafasi ya watoto watatu. Amebakiwa na magari mawili yaliyotumika: Hyundai Ioniq 5 na Kia EV6. Amekwisha kuyaendesha yote mawili, na usingizi umemtoka.

"Mjomba," akasema, "nichukue lipi?"

Nikamwambia mimi ni mtu wa historia, si fundi wa magari. Akacheka, akasema fundi amekwisha kumuuliza, na fundi amemwambia hayana tofauti. Lakini Kia aliyoionyeshwa ni ghali zaidi, na yeye anaegemea huko huko, kwa sababu, kwa maneno yake, "ni kampuni nyingine, mjomba, siyo ile ile." Tofauti ya bei kati ya magari yale mawili inakaribia fedha ambazo kwa miaka mitatu amekuwa akimwahidi mama yake, dada yangu, kwa ajili ya kuezeka upya nyumba ya Tanga.

Hapo ndipo nilipomwomba anipe siku chache. Maana swali la kwamba ni kampuni nyingine au ni ile ile si la fundi. Hilo ni la historia, na majibu yake yana kisa kirefu ambacho leo ningependa tukipitie pamoja.

Kwanza tukumbushane kwamba magari mapacha si jambo geni kwetu. Nani asiyejua Toyota Noah na Toyota Voxy? Simama kituo chochote cha daladala utasikia vijana wakibishana kwamba Voxy ni imara kuliko Noah, au kinyume chake. Ukweli ni kwamba magari hayo yalizaliwa pamoja mwaka 2001, mwili mmoja na moyo mmoja. Kilichoyatenganisha ni uso, pamoja na duka: kule Japani Toyota ilikuwa na mitandao kadhaa ya maduka, na kila mtandao ulitaka bidhaa ya kuita yake. Noah ikauzwa na maduka ya Corolla, Voxy ikauzwa na maduka ya Netz. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Mark II, Chaser na Cresta. Sisi huku tukapokea tofauti za maduka ya Japani, tukazifanya kuwa tofauti za vyuma.

Lakini Hyundai na Kia si kisa cha maduka. Hawa hawakuzaliwa mapacha. Walizaliwa na baba tofauti, wakashindana kwa miongo mitatu, kisha mmoja akamnunua mwenzake mnadani.

Baba wa Hyundai ni Chung Ju-yung, mtoto wa mkulima maskini, aliyezaliwa mwaka 1915 katika kijiji ambacho leo kiko Korea Kaskazini. Alitoroka nyumbani zaidi ya mara moja, na safari moja aliondoka na fedha za ng'ombe aliyeuzwa na baba yake. Akafika Seoul, akafanya kazi duka la mchele, na mwaka 1940 akafungua gereji. Haikupita muda gereji ikateketea kwa moto. Akakopa tena, akaijenga upya. Mwaka 1947 akaanzisha kampuni ya ujenzi akaiita Hyundai, na mwaka 1967 akaanzisha kampuni ya magari. Gari lao la kwanza, mwaka 1968, lilikuwa Ford Cortina la kuunganishwa tu. Lakini Chung hakutaka kuunganisha vya watu milele. Akamkodi Mwingereza George Turnbull, aliyetoka British Leyland, na akamwendea mchoraji wa Kitaliano Giorgetto Giugiaro. Mwaka 1975 likatoka gari dogo la Kikorea lililoitwa Pony.

Baba wa Kia ni Kim Chul-ho, naye alianza mwaka 1944 kwa kutengeneza vipuri vya baiskeli. Vita vya Korea vilipoanza, kiwanda kikahamia kusini, Busan, na huko mwaka 1952 wakatoa baiskeli ya kwanza iliyotengenezwa Korea. Baadaye zikafuata pikipiki, kisha mwaka 1962 malori madogo ya magurudumu matatu kwa leseni ya Mazda, na mwaka 1974 gari dogo lililoitwa Brisa. Kwa hiyo Kia ni mzee kuliko Hyundai katika mambo ya magurudumu, jambo ambalo wauzaji wa Hyundai hawana haja ya kulitangaza.

Mwaka 1981 serikali ya kijeshi ya Chun Doo-hwan ikaamua kwamba nchi ndogo haiwezi kubeba viwanda vingi vinavyotengeneza kitu kile kile. Ikagawa kazi kwa amri. Kia ikakatazwa kutengeneza magari madogo ya abiria, ikaachiwa magari ya kazi. Watu wengi wakaichimbia kaburi. Kilichoiokoa ni gari la mizigo na abiria lililotokana na Mazda, na jina lake, ndugu wasikilizaji, lilikuwa Bongo. Msicheke. Wakorea hadi leo wanasimulia habari ya Bongo kama tunavyosimulia sisi ngano, jinsi gari moja la kazi lilivyofufua kampuni nzima. Marufuku ilipoondolewa mwaka 1987, Kia ikarudi kwenye magari madogo kwa nguvu zote, na nguvu zile zilikuwa za kukopa.

Mwaka 1997 madeni yakadai haki yake. Katikati ya mwaka huo Kia ikashindwa kulipa, na miezi michache baadaye uchumi mzima wa Korea ukapiga magoti. Novemba serikali ikaenda kuomba mkopo IMF. Sisi tuliopitia masharti ya wakubwa hao miaka ya themanini tunajua ladha yake. Mapema mwaka 1998 wananchi wa kawaida wakapanga foleni kutoa pete za ndoa na mikufu ya dhahabu ili nchi ilipe madeni. Zilikusanywa zaidi ya tani 200.

Katika hali hiyo Kia ikapelekwa mnadani. Daewoo na Samsung walitaka. Ford, ambaye tayari alikuwa na hisa zake ndani ya Kia, naye alitaka. Minada miwili ikavunjika. Wa tatu, Oktoba 1998, ukamwangukia Hyundai, aliyechukua asilimia 51. Mshindani wa miaka thelathini akawa mwenye nyumba.

Mwaka huo huo mzee Chung, akiwa na miaka zaidi ya themanini, alivuka mpaka kwenda Korea Kaskazini akiwa na msafara wa malori yaliyobeba ng'ombe. Kwa safari mbili alipeleka ng'ombe 1,001. Wengi waliona kwamba analipa deni la yule ng'ombe mmoja, na riba juu yake. Alifariki mwaka 2001.

Sasa jiulizeni, mwenye nyumba anamfanyia nini mpangaji aliyekuwa adui yake? Angeweza kulifuta jina. Hakulifuta, kwa kuwa jina la Kia lilikuwa na wateja wake. Badala yake aliunganisha jiko na kuacha meza mbili. Kuanzia mwaka 2000 magari ya kampuni hizo mbili yakaanza kujengwa juu ya chasisi moja. Ndiyo maana Hyundai Tucson na Kia Sportage za mwaka 2004, ambazo baadhi yenu mnaziendesha, ni ndugu wa damu. Hatari ikawa kwamba mteja atauliza kwa nini alipie majina mawili. Mwaka 2006 Kia ikamwajiri Peter Schreyer, Mjerumani aliyewahi kuongoza uchoraji wa magari ya Audi, na kazi yake kubwa ilikuwa kuipa Kia uso wake yenyewe. Alifanikiwa. Kuanzia hapo tofauti kubwa kati ya ndugu hawa ikawa kazi ya kalamu ya mchoraji.

Kwa hiyo mpwa wangu anaposema Kia ni kampuni nyingine, anasema kweli kwenye karatasi. Zina hisa zake, viwanda vyake, wafanyakazi wake. Ioniq 5 iliunganishwa Ulsan, EV6 ikaunganishwa Hwaseong. Lakini Hyundai inashikilia kama theluthi moja ya Kia, na wahandisi wanaoamua betri iwe ya namna gani ni wa nyumba moja.

Desemba 2020 nyumba hiyo ilitangaza chasisi mpya ya magari ya umeme, sakafu bapa ya betri inayofanya kazi kwa volti 800, wakati magari mengi ya umeme ya wakati huo yalitumia kama volti 400. Faida yake ni kuchaji haraka: kwenye chaja yenye nguvu ya kutosha, betri inatoka asilimia 10 hadi 80 kwa muda wa dakika 18 hivi. Juu ya sakafu hiyo, mwaka 2021, yakaja haya magari mawili. Ioniq 5 ikachorwa kwa mistari iliyonyooka, kwa makusudi kabisa, kukumbuka ile Pony ya Giugiaro. EV6 ikachorwa kwa mgongo ulioinama kama mkimbiaji. Mwaka 2022 wakagawana tuzo kubwa: EV6 likawa Gari la Mwaka la Ulaya, Ioniq 5 likawa Gari la Mwaka la Dunia.

Tofauti zipo, na nisizifiche. Ioniq 5 ina urefu wa milimita 3,000 kati ya gurudumu la mbele na la nyuma. EV6 ina 2,900. Paa la Ioniq 5 liko juu zaidi kwa kama sentimita tano na nusu. Kwa vipimo vya Ulaya buti la Ioniq 5 hubeba lita 527, la EV6 lita 490. Kwa mtu mwenye watoto watatu, viti vyao na kigari cha kusukuma mtoto, hizo si namba za kupuuza. Upande wa pili, yalipotoka mwaka 2021 betri kubwa ya EV6 ilikuwa na uniti 77.4, uniti zile zile za LUKU, na ya Ioniq 5 uniti 72.6. Mwaka uliofuata Ioniq 5 ikapewa hiyo hiyo ya 77.4. Na kule Uingereza Kia iliyatoa magari yake na dhamana ya miaka saba, Hyundai miaka mitano, ingawa betri ya Hyundai ilidhaminiwa miaka minane. Hii ndiyo sababu pekee ya maana niliyoiona ya kulipia zaidi, na anayenunua gari lililotumika lazima aulize miaka iliyobaki, asihesabu iliyokwisha kuliwa.

Lakini kuna jambo ambalo karatasi ya muuzaji haitalisema. Mapacha hurithi pia maradhi. Machi 2024, kule Marekani, magari takriban 147,000 ya nyumba hii, Hyundai na Kia pamoja, yaliitwa kurudi gereji kwa sababu ya kifaa kimoja kinachosimamia uchaji na kulisha ile betri ndogo ya volti 12. Kikiharibika, gari laweza kupoteza nguvu barabarani. Aliyeikimbia Hyundai akakimbilia Kia kwa kuogopa ubovu huo, hakukimbia popote. Alitoka chumbani akaingia sebuleni.

Nilimpigia mpwa wangu Jumapili nikamweleza haya yote. Nikamwambia aende na watoto wote watatu, awaketishe nyuma, afunge milango, aone nani analalamika. Aulize kama kile kifaa kimekaguliwa, na aombe karatasi. Asome dhamana imebaki miaka mingapi kwa kila gari. Baada ya hapo, achukue lile lenye bei nafuu na hali nzuri, bila kuona haya, kwani ile alama ya mbele ambayo angeilipia zaidi imetokana na mnada wa mwaka 1998, na yeye hakuwa na deni katika mnada ule.

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Lakini EV6 ni zuri, mjomba."

Nikamjibu kwamba ni kweli, ni zuri. Sikumwambia asilipende. Mtu ana haki ya kulipia uzuri, mradi ajue kwamba ni uzuri anaoulipia, asijidanganye kwamba ananunua uimara. Wakorea wale waliotoa pete zao walijua wanatoa nini na kwa ajili ya nini. Kinachoumiza familia nyingi ni ile fedha inayotoka kwa kudhani.

Nikamkumbusha pia kwamba mvua za masika Tanga hazisubiri mtu amalize kuchagua rangi. Mama yake ana ndoo mbili sebuleni, moja chini ya kila tundu.

Juzi amenitumia ujumbe mfupi, akitaka nimuulizie bei ya mabati ya geji 28. Hakutaja gari. Nami sikumuuliza.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.