Amali na Ajira: Maneno, Sheria na Watu Wenye Ulemavu wa Mgogoni, Pemba

Makusudi ya makala haya ni kueleza kwa ufupi historia ya juhudi za serikali za kuwafunza kazi watu wenye ulemavu na kuwapatia ajira, kisha kuzipima juhudi hizo kwa kipimo cha mahali pamoja, yaani Mgogoni, kaskazini ya kisiwa cha Pemba. Nimechagua Mgogoni kwa sababu sheria huandikwa mjini, lakini thamani yake hujulikana shamba. Mimi ni mwanafunzi wa lugha, si mwanasheria. Kwa hiyo nitaanza na maneno.

Kiswahili tangu zamani kina jina kwa kila hali: kipofu, kiziwi, kiwete, bubu, na kilema kwa jumla. Wako wasemao ya kwamba kiambishi ki- huwatia watu hawa katika ngeli ya vitu na kuwadunisha. Hoja hiyo yataka hadhari, maana kiongozi, kijana na kinyozi nao wana umbo hilo hilo, na msemaji husema "kipofu amefika", hasemi "kipofu kimefika". Kwa maoni yangu, neno lililodhuru zaidi halina ki- hata kidogo. Ni neno la ofisini, "wasiojiweza". Neno hili limetokana na kitenzi. Lina ukanushi, na lina -ji- ya kumrejea mtendaji mwenyewe. Kwa hiyo si jina la hali ya mwili, bali ni hukumu juu ya uwezo wa mtu, nayo imetolewa kabla mtu huyo hajajaribiwa kwa kazi yoyote. Aliyehukumiwa hivyo hutunzwa, haajiriwi. Jina tulilo nalo leo, "mtu mwenye ulemavu", lamtenga mtu na hali yake, na kuliacha wazi swali la kwamba aweza kazi gani.

Sasa tutazame sheria. Nilipokuwa nikisoma ng'ambo nilipata kuisoma sheria ya Uingereza ya mwaka 1944 juu ya ajira ya watu wenye ulemavu. Ilitungwa vita vikiendelea, nayo ilikuwa na miguu mitatu. Wa kwanza ulikuwa mafunzo ya kazi. Wa pili ulikuwa daftari la majina, pamoja na maofisa waliopewa kazi ya kumtafutia kila mtu mahali pa kufanya kazi. Wa tatu ulikuwa fungu: kila mwajiri mwenye watu 20 au zaidi alitakiwa asilimia 3 ya wafanyakazi wake wawe watu walioandikwa katika daftari hilo. Zaidi ya hayo, mwaka 1946 kazi mbili, yaani kuendesha lifti na kulinda magari mahali pa kuyaegesha, zilitengwa kwa ajili yao. Waajiri wengi hawakulitimiza fungu hilo, na walioshitakiwa walikuwa wachache mno. Mwaka 1996 likaondolewa.

Msomaji ataona ajabu nikimwambia ya kuwa hesabu hiyo hiyo twaikuta kwetu. Mwaka 1981 ulitangazwa na Umoja wa Mataifa kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Walemavu, na mwaka uliofuata Tanzania ilitunga sheria mbili, Na. 2 ya 1982 juu ya ajira ya walemavu na Na. 3 ya 1982 juu ya matunzo yao. Twaona hapa ya kwamba ajira na matunzo yalikwisha kutengana, kila jambo na sheria yake. Sheria ya ajira ilimtaka mwajiri mwenye watu 50 au zaidi kutenga asilimia 2. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na mwaka 2010 ikatungwa Sheria Na. 9, ambayo kwayo mwajiri ni wa watu 20 na fungu ni asilimia 3, sawasawa na Uingereza ya 1944. Tena, asilimia 2 ya watu 50 ni mtu mmoja kamili. Lakini asilimia 3 ya watu 20 haifiki hata mtu mmoja, na mwajiri hamfikishi mtu kamili mpaka awe na wafanyakazi 34.

Sheria ya 2010 ni ya Tanzania Bara. Zanzibar imekwenda njia yake. Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar, yaani UWZ, uliundwa mwaka 1985. Mwaka 2006 zilitungwa sheria mbili zilizofuatana kwa namba: Na. 8 juu ya mafunzo ya amali, na Na. 9 juu ya haki za watu wenye ulemavu, ambayo iliunda Baraza la Taifa la kuwashughulikia. Mwaka 2022 ikatungwa sheria mpya ya watu wenye ulemavu. Pemba ilipata kituo cha mafunzo ya amali Vitongoji, upande wa Chake Chake, na baadaye kingine Daya, Mtambwe.

Neno "amali" lastahili kutazamwa. Bara husemwa "ufundi stadi", yaani ujuzi ulio mikononi mwa mtu. Zanzibar husemwa "amali", neno lenye asili ya Kiarabu, na maana yake ni kazi yenyewe, tendo lenyewe. Kwa hiyo mtu aliyefunzwa amali kisha akakaa bure hajakamilisha maana ya neno.

Na tumfikirie kijana wa Mgogoni mwenye miguu dhaifu, aliyefunzwa ushoni, akarudi kwao na cheti. Fungu la asilimia litamfaa nini? Mgogoni ni mahali pa karafuu, mihogo, migomba na uvuvi; mwajiri wa watu 20 hupatikana kwa shida, isipokuwa serikali yenyewe. Kijana huyu hahitaji kutafutiwa mwajiri. Ahitaji cherehani, mtaji wa vitambaa, na njia ya kufika sokoni.

Wala si wote wenye ulemavu waliozaliwa nao. Tangu kimbunga cha mwaka 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobeba zao hilo, na tawi la mkarafuu ni jepesi kukatika. Mchumaji aliyeanguka, akavunjika uti wa mgongo, amepata ulemavu kwa kuitumikia hazina ya nchi. Shirika la ZSTC limetoa fidia kwa watu kama hawa, na jambo hilo ni la haki. Lakini fidia ni ya siku moja, na maisha ni marefu. Katika kazi hiyo hiyo ya karafuu iko sehemu ifanywayo kwa kukaa, nayo ni kuchambua, yaani kutenga karafuu na makonyo. Na wenyeji huifanya usiku na mchana wakati wa msimu. Ndiyo kusema kazi ipo hata kwa aliyeanguka, ila ni ya msimu na malipo yake ni madogo.

Nadhani basi kosa letu si kukosa sheria. Tulichukua mguu wa mafunzo na mguu wa fungu, tukausahau ule wa katikati, yaani mtu wa kumchukua mhitimu kutoka chuoni na kumfikisha kazini. Hesabu ya waliohitimu si hesabu ya wenye kazi. Ningependa kila kituo kiandike, mwaka mmoja na miaka mitatu baada ya cheti, kwamba mhitimu afanya nini na apata nini. Na kazi ya kujiajiri nyumbani, kama ile ya mshoni wa Mgogoni, ihesabiwe kuwa ajira. Jina tumekwisha kulitengeneza, nalo halimhukumu mtu tena. Iliyobaki ni amali.