Nyumba juu ya kilima: kujenga bila kupigana na fasi

Mutu mwenye kupata parsele juu ya kilima, Kasongo ao Kabambare, anapata upepo muzuri na macho yake yanafika mbali. Anapata pia taabu moja: maji ya mvua. Kilima kikikatwa vibaya, maji yanachimba, na nyumba inabaki pembeni ya shimo.

Mufano wa zamani

Nyumba yenye kufunguka kwa fasi yake si jambo geni hapa. Wafanyabiashara wa pwani, wakiwa na Tippu Tip, walileta Kasongo namna yao ya kujenga: kuta nene, baraza mbele, kiwanja ndani. Munganga Muingereza Sidney Hinde, aliyeingia muji pamoja na askari wa Leopold II mwaka 1893, aliandika kwamba chumba alichokaa kilikuwa na mulango wa kutokea kwenye bustani ya machungwa, na mbele yake macho yalifika maili 5, ni kusema kilometa 8 hivi. Utajiri ule ulitoka katika pembe za tembo na jasho la watumwa; hilo halisahauliki. Lakini baraza ilibaki, hata Wabelgiji waliingiza neno hilo katika Kifaransa chao: barza.

Jua

Kasongo iko karibu na ikweta, kusini yake kidogo. Jua linapiga sana kuta za mashariki asubuhi na za magharibi mangaribi. Kwa hiyo kuta ndefu na madirisha makubwa zitazame kaskazini na kusini. Kama ubavu wa kilima unakataza, baraza pana iwekwe upande wa magharibi. Inaleta kivuli, na inakinga ukuta wa udongo na mvua.

Mutelemuko na maji

Kusawazisha kilima chote ni kosa. Udongo uliomwagwa juzi haushike musingi. Afadhali nyumba ifuate ubavu wa kilima, na vyumba vishuke kwa ngazi. Mutaro uchimbwe upande wa juu, uzungushe maji mbali na kuta, na mwisho wake upangwe mawe, maji yasiharibu parsele ya jirani. Miti iliyoko iachwe. Kingo zipandwe nyasi zenye mizizi mirefu, sawa vetiver.

Maji ya mabati yasipotee. Milimita 1 ya mvua juu ya meta mraba 1 ni litre 1. Mabati ya meta mraba 60, mvua ya milimita 20, ni litre 1 200 hivi. Kwa mama na watoto wenye kupanda kilima na bidon kichwani, hiyo si kitu kidogo.

Karatasi

Kufuatana na sheria ya tarehe 20 Julai 1973, udongo ni wa Leta. Mutu anapewa haki ya kuutumia. Karatasi ya muuzaji peke yake haitoshi: haki hiyo inahakikishwa na certificat d'enregistrement. Ruhusa ya kujenga nayo iombwe mbele ya kupiga jembe la kwanza.