Bima ya mafuriko Mwanza: Shirika la umma au kampuni binafsi?

Mvua kubwa ikinyesha katika vilima vinavyolizunguka jiji la Mwanza, haichukui saa nyingi kabla ya Mto Mirongo kujaa. Maji hushuka kwa kasi juu ya miamba isiyonywa hata tone, hupita katikati ya nyumba zilizobanana, na yanapofika maeneo ya bondeni kama Mabatini huwa yamekwishabeba taka, mchanga na pengine vyombo vya watu. Kesho yake wenye nyumba huonekana wakianika magodoro na kuzoa tope, na swali la nani atakayelipa hasara huulizwa upya.

Kwa anayetaka kujikinga kwa bima, swali linalofuata huwa ni iwapo aende kwenye bima ya serikali au kampuni binafsi. Ni swali la haki, ila lina kosa dogo ndani yake ambalo ni vema likaondolewa mapema.

Katika baadhi ya nchi zipo kweli bima mbili tofauti. Marekani, kwa mfano, ilianzisha mpango wa taifa wa bima ya mafuriko mwaka 1968 baada ya kampuni binafsi kukwepa janga hilo. Mpango huo humlipa mwenye nyumba ya kuishi hadi dola 250,000 kwa jengo na hadi dola 100,000 kwa vitu vilivyomo, na anayetaka zaidi hununua kwa kampuni binafsi. Huko mtu hulinganisha sheria ya nchi na mkataba wa biashara.

Tanzania haina mpango wa namna hiyo kwa nyumba za kuishi. Kinachoitwa mitaani bima ya serikali ni bima inayouzwa na kampuni ambazo mwenye hisa wake ni serikali. Ya kwanza ni Shirika la Bima la Taifa, NIC, lililoanzishwa mwaka 1963. Ya pili ni Shirika la Bima la Zanzibar, ZIC, lililoanzishwa mwaka 1969 na ambalo huuza bima Tanzania Bara pia. Hati wanazotoa ni mikataba ya kibiashara, na masharti yake hufanana kwa sehemu kubwa na yale ya washindani wao binafsi.

Dhana kwamba bima ni mali ya serikali ina historia yake. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, NIC lilibaki peke yake sokoni Tanzania Bara kwa karibu miaka 30, hadi Sheria ya Bima ya mwaka 1996 ilipofungua mlango kwa kampuni binafsi. Baadaye shirika hilo liliwekwa katika orodha ya mashirika ya kubinafsishwa, likapitia miaka ya malalamiko ya madai kucheleweshwa, kisha serikali ikaamua libaki mikononi mwa umma na kuliunda upya. Wazee wa Mwanza wanaolikumbuka kwa mabaya na vijana wanaoliamini kwa sababu ni la serikali, wote wanatumia kipimo kisichowasaidia sana leo.

Hata nyuma ya pazia fedha huchanganyika. Kampuni za bima, za umma na za binafsi, hupeleka sehemu ya dhamana zao kwa kampuni za bima mtawanyo, na sheria inazitaka kupeleka fungu mojawapo Tan-Re, iliyoanza kazi mwaka 2004. Zote pia husimamiwa na chombo kimoja, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009.

Basi kwa mkazi wa Mwanza kipo kitu kinachostahili kuulizwa kabla ya jina la kampuni: ni maji gani yanayoitishia nyumba yake?

Mwanza ina mafuriko ya aina mbili. Ya kwanza ni ya mito na mifereji, yanayokuja kwa saa chache na kuondoka. Hayo ndiyo ya Mirongo, na ndiyo yaliyoikumba Bukoba Mei 2024 Mto Kanoni ulipofurika. Ya pili ni ya ziwa lenyewe, nayo huja polepole kiasi kwamba mtu huweza kuyahesabu kwa ngazi za kibaraza chake. Ziwa Victoria hupata takriban asilimia 80 ya maji yake kutokana na mvua inayolinyeshea moja kwa moja, na lina mto mmoja tu wa kutokea, yaani Nile, huko Jinja nchini Uganda. Mvua ikizidi kwa misimu kadhaa, maji hayana pa kukimbilia. Kati ya mwaka 1961 na 1964 ziwa lilipanda kwa takriban mita mbili na nusu. Mwaka 2020 vipimo vya Jinja vilifikia tena kimo cha mwaka 1964, na Mei 2024 vikakipita.

Tofauti hiyo ni nzito kuliko tofauti ya umma na binafsi, kwa sababu bima ya mali kwa kawaida hufidia hasara ya ghafla isiyotarajiwa. Maji ya Mirongo yaliyovunja ukuta usiku mmoja yanaingia vizuri katika maelezo hayo. Maji ya ziwa yaliyopanda kwa miezi minne hadi yakafika sebuleni ni jambo jingine. Hati nyingi huondoa unyevu unaopanda, maji yanayochuruzika taratibu na mabadiliko ya kina cha maji ya ardhini. Mwenye nyumba wa Kirumba, Igogo au Nyegezi aliye karibu na ufuko anapaswa kuuliza kwa maandishi iwapo neno "mafuriko" katika hati yake linajumuisha kupanda kwa ziwa, na jibu alipate kwa maandishi vilevile. Jibu la mdomo la wakala, hata akiwa mkweli, si sehemu ya mkataba.

Lipo kosa la kawaida zaidi ya hilo. Bima ya nyumba nchini hujengwa juu ya bima ya moto. Hati ya msingi hushughulikia moto, radi na aina fulani za milipuko. Mafuriko, dhoruba, tetemeko na mabomba kupasuka huongezwa kama majanga maalumu, kwa nyongeza ya ada. Mtu aliyechukua mkopo wa nyumba benki na kuambiwa kwamba "nyumba ina bima" huenda ana bima ya moto peke yake, tena iliyokatwa kwa jina la benki ili kulinda deni. Nakala ya hati hiyo ni haki yake kuidai na kuisoma.

Maporomoko ya ardhi nayo yatazamwe kivyake. Katika mji wa vilima kama Mwanza, maji huja na udongo na mawe, na baadhi ya hati hufidia maji lakini huacha udongo ulioporomoka. Kuta za uzio, mageti na vyoo vya nje mara nyingi havimo hadi vitajwe.

Kiasi cha bima ndicho kinachowaumiza wengi siku ya kulipwa. Tuseme nyumba ya Buhongwa ingegharimu Sh80 milioni kujengwa upya, lakini mwenyewe, ili kupunguza ada, akaikatia bima ya Sh40 milioni. Mafuriko yakaharibu sehemu yenye thamani ya Sh20 milioni. Atatarajia Sh20 milioni, kwa kuwa bado ziko ndani ya kiwango chake. Kwa kanuni ya wastani atalipwa Sh10 milioni, kwa kuwa aliikatia bima nusu tu ya nyumba, kisha kitakatwa kiasi ambacho hati inamtaka abebe mwenyewe katika kila tukio. Thamani ya kiwanja haihesabiwi, kwa sababu maji hayakibebi. Kinachohesabiwa ni gharama ya kujenga upya.

Kiasi hicho cha kujibebea ndipo kampuni hutofautiana kweli. Ada ndogo huweza kuficha mzigo mkubwa wa kujibebea katika mafuriko, na anayelinganisha bei pekee hatauona. Aombe kampuni mbili au tatu, mojawapo ya umma, zimpe bei kwa thamani ileile na majanga yaleyale, na kila moja ionyeshe kiasi hicho kwa tarakimu.

Wapo wanaosema hawana haja ya haya yote kwa kuwa maafa yakitokea serikali itasaidia. Kumbukumbu za Kanda ya Ziwa haziungi mkono tumaini hilo. Tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipoitikisa Kagera Septemba 10, 2016, maelfu ya nyumba ziliharibika. Januari 2017, akiwa Bukoba, Rais John Magufuli alisema wazi kuwa serikali haitawajengea wananchi nyumba, bali itarejesha miundombinu ya umma kama shule na hospitali. Waathirika wa maporomoko ya Hanang ya Desemba 2023 walijengewa nyumba mpya. Matukio mawili, uamuzi tofauti. Msaada wa maafa ni hiari ya wakati husika, na hakuna anayeweza kuudai mahakamani.

Kuna nyumba ambazo hazitapata bima popote. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Kampuni huweza kuikataa nyumba iliyomo ndani ya eneo hilo, au kupokea ada bila kuuliza na kuibua suala hilo siku ya madai. Hili la pili ni baya zaidi, hivyo mwenye nyumba aeleze mahali ilipo na afichue mafuriko ya nyuma, kwa kuwa kuficha jambo la msingi huweza kubatilisha mkataba.

Muda nao una maana. Masika huanza Machi na vuli Oktoba. Anayekwenda kukata bima maji yakiwa mlangoni atakataliwa. Hati haianzi kufanya kazi kabla ada haijalipwa, na uhalali wake unaweza kuhakikiwa kupitia mfumo wa TIRA au katika ofisi yake ya Kanda ya Ziwa iliyopo Mwanza.

Maji yakishaingia, taarifa itolewe mapema kwa maandishi, picha zipigwe kabla tope halijazolewa, na vitu vilivyoharibika visitupwe hadi mkadiria hasara avione. Mpangaji adai vyombo vyake kwa hati yake mwenyewe, kwani bima ya mwenye nyumba haivihusu. Kampuni ikikataa kulipa, iwe ya umma au binafsi, malalamiko hupelekwa kwanza kwake, kisha TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyoundwa na sheria ileile ya mwaka 2009.